Kifungu Kisichofungua Geti

Wanaofanya kazi chini ya ndege, wapakia mizigo, wafagia ndani na wasogeza ngazi, wote walimwita Dada Kifungu. Jina alilozaliwa nalo lilibaki kwa mama yake na kwenye kitambulisho. Alikuwa mwakilishi wao wa chama cha wafanyakazi, na mkataba ambao chama kilisaini na kampuni iliyowaajiri alikuwa ameuhifadhi kichwani kama mtoto wa shule anavyohifadhi jedwali la kuzidisha. Ukimwambia msimamizi amekunyima glavu, atakujibu, "Kifungu cha saba." Ukimwambia umeota umefukuzwa, atakujibu, "Cha kumi na mbili, lakini ndoto hazihesabiwi." Walimtania sana, ila mtu akipokea barua ya onyo, wa kwanza kutafutwa alikuwa yeye, hata akiwa msalani.

Kazi yake yenyewe ilikuwa kuongoza magari yanayoisogelea ndege. Ndege ni kitu kikubwa cha kutisha, lakini ngozi yake nyembamba; ukiigonga kidogo tu huwezi kujua kwa macho umeumiza nini ndani. Kwa hiyo hakuna gari linaloruhusiwa kuikaribia mpaka asimame mtu pembeni, mahali dereva anapomwona vizuri, amwelekeze kwa mikono. Viganja vikivuta, njoo. Mikono ikipishana juu ya kichwa, simama hapohapo. Dereva akishafika karibu haangalii tena ndege. Anaangalia ile mikono, na anaiamini kama kipofu anavyomwamini anayemshika bega.

Dereva wa gari la ngazi alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa tumbo moja. Huyu walimwita Taratibu, kwa sababu alikuwa haijui haraka ni kitu gani. Wenzake walisema akianza kuileta ngazi, abiria wanapata muda wa kulala tena. Yeye alicheka tu na kusema, "Mimi nawaleta wazima, kuamka ni juu yao." Na kwa Dada Kifungu alikuwa na utani wake wa siku zote: "Shemeji, ukinipungia vizuri hivyo mke wangu ataona wivu."

Asubuhi ile ndege ilishaingia na kuzimwa, magurudumu yamewekewa vizuizi, koni zimepangwa. Taratibu aliileta ngazi mpaka ikabaki nafasi ya mkono mmoja kati yake na mlango wa ndege, akasimamishwa, kama ilivyo desturi, asubiri ishara ya mwisho. Dada Kifungu alikuwa bado anatazama kama ngazi imenyooka. Ndipo mfagiaji mmoja, tumbo limeshatangulia mbele, akapita nyuma yake na ndoo akamwita.

"Dada Kifungu! Eti mapacha wanaongezewa likizo?"

"Mapacha?" Akageuza kichwa. "Una mapacha wewe?"

"Ndivyo alivyosema daktari. Mume wangu hajala tangu jana."

Dada Kifungu alicheka. "Kifungu cha kumi na nne. Njoo baadaye nikueleze." Na kama watu wengi, mdomo wake ulipokuwa ukisema njoo, mkono nao ulisema njoo. Kiganja juu, vidole vikikunja kuja kifuani.

Taratibu aliuona mkono. Akaja.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu ametua sufuria mezani bila kuangalia. Mfagiaji alikuwa ameshaondoka na ndoo yake, hakusikia. Taratibu alirudisha ngazi nyuma, akazima, akashuka. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Shemeji, nimegusa?"

Chini kidogo ya mlango palikuwa na mkwaruzo, urefu wake kama kidole cha mtoto, na rangi imechubuka pembeni.

"Umegusa," alisema.

Ilipasa aseme tumegusa. Herufi moja tu ilikosekana pale mbele, na yeye aliijua ilipo, aliihisi kwenye ulimi, ila haikutoka. Baadaye alijiambia kwamba alikuwa anashughulikia kwanza jambo la ndege, na kweli alilishughulikia.

"Kuna mtu ameona?" Taratibu aliuliza.

"Hakuna."

"Labda ni rangi tu."

"Labda ni rangi tu. Labda ndani kuna ufa. Shemeji, hii inakwenda juu na watu."

"Inakokwenda ndege najua. Nauliza mimi nakwenda wapi."

Hapo ndipo Dada Kifungu alipokuwa kwenye shamba lake mwenyewe. "Kifungu cha kumi na tisa. Anayejisema mwenyewe kabla zamu yake haijaisha, haadhibiwi. Haonywi, hakatwi, hafukuzwi. Nilikuwa mezani kilipoandikwa. Nenda kaseme, na mimi niko hapa."

Taratibu alifuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu. "Wewe ukisema nalindwa, nalindwa," akasema. Akaenda.

Mafundi walikuja na taa ndogo na kioo cha mpini. Walipapasa, wakagonga kwa kucha, wakasikiliza, wakafungua kipande kwa ndani. Palikuwa pamebonyea, na ule ubavu unaoshikilia ngozi ya ndege ulikuwa umepinda. Safari ikaahirishwa, abiria wakapangiwa ndege nyingine huku wakilalamika. Fundi mkuu alimshika Taratibu mkono kwa mikono yake miwili. "Ungenyamaza, mzee, sijui leo tungekuwa tunaongea nini."

Walipomwuliza ilikuwaje, alisema kwa unyofu wote, "Ni macho yangu. Niliona bado ipo nafasi." Ya mkono hakuyataja. Kwake, mkono ulisema njoo na yeye ndiye aliyezidisha. Walipomgeukia Dada Kifungu wakamwuliza kama alitoa ishara sahihi, alisema ndiyo, ishara ya njoo. Neno lenyewe halikuwa uongo. Uongo ulikuwa umekaa nyuma ya neno, umejikunyata.

Alijiambia: shemeji analindwa, anayelindwa hahitaji msaada, nikijitaja nitakuwa nimeongeza majeruhi bila sababu. Nyumbani kwake alikuwa na watoto wawili, na mama yake mzee alikuwa anaishi naye, miguu imevimba. Zamu ikaisha.

Kampuni ilifanya kama ilivyoandikwa. Taratibu alipewa barua isiyo na adhabu, na mwishoni walimshukuru. Kwenye chumba cha kulia watu walipiga makofi, na Dada Kifungu alisimama akakisoma kifungu cha kumi na tisa kwa kichwa, neno kwa neno, kama anasoma shairi. Mpakia mizigo mmoja alipiga meza akasema, "Kidole kimoja hakivunji chawa!" Wakacheka. Dada Kifungu alikaa chini, akaisogeza sahani yake pembeni.

Kesho yake asubuhi Taratibu aliweka kitambulisho chake kwenye mashine ya getini, taa ikawaka nyekundu. Akakifuta kwenye shati, akaweka tena. Nyekundu.

"Kimezuiwa na uwanja wa ndege, mzee wangu," mlinzi alisema kwa huruma. "Gari likigusa ndege, uwanja unachukua kitambulisho cha dereva mpaka kamati yao ikae."

"Mimi si nina barua ya kampuni?"

"Barua ya kampuni nzuri. Hii mashine haisomi barua."

Dada Kifungu alikwenda ofisi ya kampuni siku hiyohiyo, kizibao cha kung'aa bado mwilini. Huko walimpokea vizuri, hata wakamkaribisha kiti. Hatujamfukuza, walisema. Kazi yake ipo, ngazi yake ipo. Ila kazi iko ndani ya geti, na sisi hatuna uwezo wa kumwingiza. Asipoonekana mpaka kamati ya uwanja iamue, na ikiamua vibaya, itahesabiwa kwamba nafasi ameiacha mwenyewe.

"Ameiachaje na yuko getini?"

"Ndiyo lugha yake, dada. Wewe unaijua kuliko sisi."

Akampigia simu katibu wa chama, mzee mmoja mwenye kikohozi, aliyeshika kazi hiyo toka nywele zake zikiwa nyeusi.

"Mkataba ule ni wetu na kampuni," katibu alisema. "Uwanja si wa kampuni. Kampuni ni mpangaji pale. Wewe umepanga, si ndiyo?"

"Nimepanga."

"Sasa wewe na mpangaji mwenzako mnaweza kuandikiana kwamba hakuna kufungiana mlango. Ni maandishi mazuri. Mwenye nyumba akija kubadilisha kitasa, mtamwonyesha hayo?"

"Kwa nini hatukuliandika tangu mwanzo?"

"Tungeliandika na nani? Mwenyewe hakuwepo mezani." Akakohoa. "Usijilaumu. Ulimwambia kampuni haitamwadhibu, na haikumwadhibu. Ulisema kweli."

Angemtukana, ingemuuma kidogo kuliko hivyo.

Alichoweza kukipata katika mkataba wote ni hiki: mtu akijihudhurisha kazini, hawezi kuitwa mtoro. Kwa hiyo alimwambia Taratibu afike getini kila zamu, avae kizibao, aonekane. Taratibu akafika. Alisimama kwenye uzio, kiatu cha kazi kimepakwa rangi, chakula chake kwenye mfuko, na wenzake wakapita mbele yake mmoja mmoja, taa ikiwawakia kijani.

"Shemeji," alimwambia asubuhi moja, "leo nimewahi kuliko wote, na bado sijafika."

Mpakia mizigo aliyekuwa kwenye foleni akadakia. "Dada Kifungu! Vifungu vyote hivyo, hakuna hata kimoja kinachofungua geti?"

Foleni nzima ikacheka, na Taratibu akacheka nao mpaka akashika uzio. Dada Kifungu alicheka kwa meno. Akaweka kitambulisho chake, kijani, akapita, na mgongo wake ukawa unawasha kama amevaa nguo isiyo yake.

Ilifika wakati akaona kitu kingine. Taratibu, akisimama pale kwenye uzio, alikuwa anasoma kwa sauti herufi zilizoandikwa kwenye mikia ya ndege. Alifumba jicho moja, akasoma. Akafumba la pili, akasoma tena.

"Ile ya mwisho kule, shemeji, ni B au nane?"

"Ni B."

"Nimepatia?"

"Umepatia."

"Kumbe macho haya ya mbali yanaona. Yatakuwa ni ya karibu yaliyokufa."

Jumapili mdogo wake alikuja kumwona mama yao, kama kawaida. Alimkanda mama miguu kwa maji ya uvuguvugu, akamfunika, kisha akaja jikoni, akachukua kisu, akaanza kusaidia kumenya viazi bila kuombwa. Alimenya maganda manene, yeye ambaye tangu utotoni alisifiwa kwa maganda membamba.

"Dada, shemeji yako amenunua miwani."

"Miwani ya nini?"

"Unauliza? Amekwenda kwa daktari wa macho, daktari akasema macho mazima. Hakukubali. Akaenda kwa mwingine, naye akasema mazima. Akaenda kujinunulia barabarani. Akivaa anaona vibaya zaidi, lakini anasema bora aone vibaya anajua, kuliko kuona vibaya hajui." Akatupa ganda. "Nyumbani anasogeza kiti mpaka kwenye ukuta. Anasimama kabla hakijagusa, anakwenda kupima kwa vidole. Anarudia. Jana nimemkuta anasogeza kiti analia."

Dada Kifungu aliendelea kukata kiazi ambacho kilishakwisha kukatwa.

"Anasema hata wakimrudisha hatashika usukani," mdogo wake alisema. "Anasema ataua watu."

"Atatulia tu."

"Mungu akuweke, dada. Bila wewe kampuni ingeshamtupa nje. Mimi kila nikisali nakutaja wewe kwanza, kabla ya mama."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Dada Kifungu alisimama pale na harufu ya viazi vibichi mikononi, neno limemjaa mdomoni kama maji, na mdogo wake alikuwa anamtazama kwa macho yaleyale ya mtoto ambaye zamani yeye alimbeba mgongoni. Akasema chumvi imekwisha. Akatoka kwenda dukani, na chumvi ilikuwepo.

Njiani alikisoma kifungu cha kumi na tisa tena. Kabla zamu yake haijaisha. Maneno yale aliyapigania yeye mwenyewe. Kampuni ilitaka saa moja, yeye akashinda ikawa zamu nzima, wakampigia makofi. Zamu yake iliisha siku ileile. Akisema leo, yuko nje ya kifungu kama shemeji alivyo nje ya geti. Kampuni inaweza kumfukuza kwa kuficha, na chama kitakuja kukaa pembeni yake kikikohoa.

Kamati ya uwanja ilikaa kwenye chumba kirefu, kiyoyozi kikivuma, glasi zimefunikwa juu ya kitambaa cheupe karibu na jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa. Afisa wa usalama aliyeongoza kikao alikuwa mama wa makamo, kalamu yake imefungwa kwa uzi shingoni.

"Huyu ni nani?" aliuliza, akimwonyesha Dada Kifungu.

"Mwakilishi wake wa chama."

"Hapa hatuna mkataba na chama. Kwake wewe ni nani?"

"Ni shemeji yake."

"Basi kaa kama shemeji. Unaruhusiwa kusikiliza."

Akakaa. Taratibu alisimulia yote, polepole, miwani imemshuka puani. Alisema ameendesha ngazi miaka mingi bila kugusa hata koni. Alisema kosa si la ngazi wala la mtu mwingine, ni la macho yake. Afisa alimsikiliza bila kumkatiza.

"Una la kuongeza?"

"Ndiyo, mama. Kama mtanionea huruma mkanirudisha, msinirudishe kwenye gari. Nipeni ufagio. Sitaki tena kuisogelea ndege. Siyaamini haya." Akagusa miwani.

Afisa alianza kuandika. Dada Kifungu aliitazama ile kalamu ikienda. Alimfahamu Taratibu tangu siku alipokuja kuposa, na viatu vya kuazima vikimbana. Alikuwa anakaribia kuandikiwa ugonjwa ambao hakuwa nao, kwa mkono wa watu waliomwamini, kwa sababu yeye mwenyewe amewaambia.

"Mimi ndiye niliyeongoza," alisema.

"Hilo tunalo hapa. Ulisema ishara ilikuwa sahihi."

"Ilikuwa sahihi. Haikuwa yake." Sauti yake ilikuwa ndogo, akaikaza. "Kuna mtu alinisemesha nyuma yangu. Nikamwambia njoo baadaye, nikampungia. Shemeji akadhani nampungia yeye. Ngazi nilikuwa nimeisimamisha, na nafasi ilikuwa imebaki ya mkono mmoja. Aliiona vizuri. Alikuja kwa sababu nilimwita."

Kiyoyozi kilivuma. Taratibu alimgeukia, miwani bado imemshuka, akimtazama kwa juu yake.

"Kwa nini hukusema siku ile?" afisa aliuliza.

"Niliona yeye analindwa."

"Na wewe?"

"Mimi nilitaka kulindwa bila kusema."

Afisa alivua kalamu shingoni, akaiweka mezani. "Unafahamu kitambulisho chako nitakichukua hapahapa."

"Nafahamu."

"Na kampuni yako?"

"Waambie. Nimeshachelewa kuwaambia mimi."

Aliuvua mkanda wa kitambulisho shingoni. Ulinasa kwenye sikio, akauvuta, akauweka juu ya kitambaa cheupe. Kwenye picha alikuwa anacheka; siku ile ya kupigwa picha Taratibu alikuwa nyuma ya mpiga picha akimfanyia vituko.

Wakatolewa nje, wakasubiri, wakaitwa. Dereva naye ana breki zake, afisa alisema, kwa hiyo hatoki bure: atafanyiwa upya jaribio la kuendesha, akifaulu atarudishiwa kitambulisho. Macho yake hayana kesi. Mwongozaji atabaki nje mpaka shauri lake lisikilizwe, na kwa jinsi lilivyo asitegemee mengi.

Kwenye ukumbi wa nje kulikuwa na benchi. Taratibu hakukaa. Aliivua miwani, akaikunja, akaangalia pa kuiweka, akabaki nayo mkononi.

"Muda wote huu nilikuwa naona vizuri?"

"Ulikuwa unaona vizuri."

"Nilikuwa nakusomea mikia ya ndege pale getini."

"Ulinisomea."

"Ukaniambia nimepatia."

Dada Kifungu alitamani apigiwe kelele, lakini yule mtu hata hasira zake zilikuwa zinatembea polepole. Zilikuwa bado njiani, na yeye alikuwa anaziona zinakuja.

"Shemeji, nilikusudia ..."

"Najua ulichokusudia. Ndege ilipona, na mimi ningesema hata bila kifungu, ungeniambia tu kwamba kuna watu ndani. Ungeniambia na la mkono, tungeingia kule wawili." Alisema bila kupandisha sauti. "Mdogo wako nitamwambia mimi. Usimpigie."

"Sawa."

"Akikupigia yeye, usimweleze. Mwache alie kwanza."

"Na Jumapili?"

Alifikiri. "Jumapili nitakuja kumchukua mama nimpeleke kwetu. Mtayarishie nguo zake na ile dawa ya miguu."

"Na mimi nije?"

"Wewe pumzika, shemeji," alisema, kwa adabu ileile ambayo mtu humwambia mgeni.

Akaondoka, akitembea karibu na ukuta. Dada Kifungu alikaa kwenye benchi, mikono imelala mapajani, akasubiri mpaka nyayo zake zisisikike tena na hata baada ya hapo, kwa sababu njia ya kutoka pale ilikuwa moja.